Nimefuta faili laki nne, mbona diski bado imejaa?

Msomaji anauliza: "Laptopu yangu ina SSD ya GB 256 na inatumia Windows 11. Kwenye diski C zimebaki GB 3 tu. Kuna folda moja ya picha ndogondogo na mabaki ya programu, ina faili zaidi ya 400,000. Niliifungua, nikazichagua zote kwa Ctrl+A, nikabonyeza Delete. Kompyuta ilikaa muda mrefu sana ikihesabu tu, ikaganda mara mbili, na ilipomaliza nafasi ilikuwa ile ile. Nifanyeje nizifute zote kwa mkupuo, na kwa nini nafasi hairudi?"

Hapo kuna maswali mawili, kasi ya kufuta na nafasi kutorudi, na kila moja lina sababu yake. Lipo na la tatu ambalo hukuuliza: je, una hakika folda hiyo ndiyo inayokula diski? Wingi wa faili hauonyeshi uzito wake. Faili laki nne zenye wastani wa KB 10 kila moja ni kama GB 4 tu, na rekodi moja ya video ndefu inafikisha kiasi hicho peke yake. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, pima.

Jambo moja dogo la kuondoa njiani: diski ya GB 256 huonekana kwenye Windows kama GB 238 hivi. Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inaihesabu kuwa baiti 1,024 × 1,024 × 1,024.

Kupima, tumia programu inayochora diski nzima kwa ukubwa wa folda. WizTree ndiyo ya haraka kwenye diski za NTFS (mpangilio wa faili wa kawaida wa Windows) kwa sababu haizunguki folda moja moja; inasoma jedwali kuu la faili moja kwa moja, na kazi huisha kwa sekunde chache. WinDirStat ni ya siku nyingi na inaaminika, ila matoleo yake ya zamani yana subira ya mzee. Yoyote utakayochagua, ifungue kama msimamizi, la sivyo haitaona folda za mfumo na jumla haitalingana na inayoonyeshwa na Windows. Kama hutaki kusakinisha kitu, fungua diski C kwenye kivinjari cha faili (File Explorer) na uandike kwenye kisanduku cha kutafutia:

size:>1GB

Itachukua muda, lakini italeta kila faili inayozidi gigabaiti moja, isipokuwa zile za mfumo zilizofichwa. Mara nyingi wahalifu ni wale wale: visakinishi na faili za .iso kwenye folda ya vipakuliwa, faili za .zip ambazo zilishafunguliwa na zenyewe zikaachwa, bakapu za simu ndani ya folda iitwayo MobileSync, kache za programu za kuhariri video, na diski za kompyuta pepe (virtual machine) zenye tamati ya .vhdx. Hizi za mwisho zina hila yake: ukifuta vitu ndani ya kompyuta pepe, faili ya .vhdx haipungui yenyewe, hubaki na ukubwa uliofikia.

Utaona pia majitu matatu usiyoyajua. Ya kwanza ni hiberfil.sys, faili ambamo kompyuta huhifadhi kumbukumbu yake inapolala usingizi mzito. Haifutwi kwa mkono. Kama huutumii usingizi huo, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika powercfg /hibernate off, na faili itaondoka yenyewe pamoja na ule uwashaji wa haraka unaoitegemea. Ya pili ni pagefile.sys, ambayo Windows huitumia kama nyongeza ya kumbukumbu; iache. Ya tatu ni folda ya WinSxS, na hii ndiyo iliyowaponza wengi. Inaonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa kuwa faili nyingi zilizomo ni zile zile zilizo kwenye folda nyingine za Windows: faili moja yenye majina mawili, lakini inahesabiwa mara mbili. Ukiingia kufuta kwa mkono, Windows inaweza kukataa kuwaka. Njia halali ni amri hii, kwenye dirisha la msimamizi:

DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Kwa takataka nyingine za mfumo, bonyeza Windows+I, ingia sehemu ya mfumo, kisha ya hifadhi, kisha faili za muda. Hapo ndipo mabaki ya masasisho na folda ya Windows.old huondolewa salama. Windows.old, kama ipo, huondolewa na Windows yenyewe siku 10 baada ya mfumo kupandishwa toleo, na ukiitoa mapema huwezi tena kurudi kwenye toleo la awali. Soma orodha hiyo mstari kwa mstari kabla ya kuweka alama za tiki. Miongoni mwa faili za muda wameingiza pia folda yako ya vipakuliwa, na anayetiki kila kisanduku kwa pupa hufuta kila kilichomo humo.

Sasa folda yako ya faili laki nne.

Ulipofungua folda na kuchagua kilichomo, uliipa Windows kazi ngumu kuliko ilivyohitajika. Kila kitu unachokichagua na kukituma kwenye pipa la taka hutengenezewa faili mbili humo: moja ni kitu chenyewe kilichopewa jina jipya, nyingine ni kijikaratasi kinachokumbuka jina la zamani, mahali kilipotoka na saa kilipofutwa. Faili laki nne zikaleta vijikaratasi laki nne. Ongeza na ule muda wa kuhesabu kabla ya kuanza, dirisha linalojaribu kuchora vijipicha vya picha zako, na programu ya kuzuia virusi inayochungulia kila kinachoguswa. Ungetoka nje ya folda na kuifuta folda yenyewe, pipa lingepokea kitu kimoja tu. Basi hata ukibaki na kipanya, futa folda, usifute kilichomo.

Lakini kwa wingi huo, dirisha la amri ndilo dawa. Haliulizi, halihesabu kwanza, wala halipiti kwenye pipa. Tuseme folda iko hapa: C:\Kazi\Picha ndogo. Amri ni:

rmdir /s /q "C:\Kazi\Picha ndogo"

Hiyo /s inamaanisha na vyote vilivyomo, /q inamaanisha usiniulize. Zitazame vizuri zile alama za kunukuu. Ukizisahau, Windows haisomi jina moja lenye nafasi katikati. Inasoma majina mawili, kwa kuwa rmdir inakubali folda nyingi kwa pamoja. Itaifuta C:\Kazi\Picha, kama ipo, kisha itatafuta folda iitwayo "ndogo" mahali uliposimama. Yaani itafuta folda usiyoikusudia na kuiacha uliyoikusudia, bila swali wala pipa la kurudia. Ili usikosee, usiandike njia kwa mkono: shikilia Shift, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua kunakili kama njia, kisha ibandike. Inakuja na alama zake za kunukuu.

Ukitaka folda na vijifolda vyake vibaki ila faili ziondoke, tumia del /f /q /s ukiweka njia na nyota mwishoni. Amri hiyo huandika jina la kila faili inayofuta, na uandishi huo wenyewe hupunguza mwendo, hivyo malizia na > nul ili inyamaze. Usitegemee tamati fupi kuwa kichujio makini: kwenye diski zinazohifadhi majina mafupi ya kizamani, del *.htm huondoka pia na faili za .html.

Kabla ya kubonyeza Enter, kuna ukaguzi mmoja ambao haurukwi. Bofya folda kwa kulia, angalia kama iko ndani ya OneDrive. Kompyuta nyingi za Windows 11 huhamishia eneo-kazi, nyaraka na picha kwenye OneDrive mtu anapokubali tu kila kinachoulizwa siku ya kwanza. Ukifuta humo, unafuta na kwenye wingu, na kwenye kila kifaa kingine kilichounganishwa. Kama unachotaka ni nafasi kwenye laptopu tu huku faili zikibaki mtandaoni, usifute kabisa: bofya folda kwa kulia na uchague kufungua nafasi (Free up space). Faili zitabaki kama majina yenye alama ya wingu, na zitashuka tena utakapozifungua. Kama umeshafuta, ingia OneDrive kwa kivinjari. Pipa la huko huhifadhi vitu siku 30 kwa akaunti binafsi.

Kwa folda unayoitilia shaka, hasa hayo "mabaki ya programu" uliyoyataja, ibadilishe jina kwanza, iite kitu kama zz_ya_kufuta, kisha fanya kazi zako kwa wiki moja. Kubadilisha jina ni kwa papo hapo hata folda ikiwa na faili milioni. Programu iliyokuwa ikiitegemea italalamika siku hiyo hiyo, nawe utarudisha jina tu. Na kama programu bado imesakinishwa, iondoe kwa njia ya kawaida ya kuondoa programu. Ukifuta folda yake kwa nguvu, vipande vyake hubaki kwenye mfumo na kisakinishi kinaweza kukataa kuitoa au kuirudisha.

Unachotaka kukihifadhi kwenye diski ya nje, kinakili, usikikate. Kukata na kubandika kati ya diski mbili ni kunakili kisha kufuta. Kebo ikilegea katikati unabaki na nusu huku na nusu kule, na kazi ya kujua kipi kiko wapi ni yako. Ukishanakili, fungua sifa za folda zote mbili na ulinganishe idadi ya faili na ukubwa kwa baiti. Usilinganishe mstari wa ukubwa kwenye diski, huo haulingani hata nakala ikiwa kamili. Sababu ni kwamba diski hugawa nafasi kwa vipande visivyokatika: NTFS kwa kawaida hutumia vipande vya KB 4, ilhali diski ya nje kubwa iliyoumbizwa kwa exFAT hutumia KB 128. Faili ya KB 3 kule inachukua KB 128 nzima. Picha ndogondogo 50,000 zinazotosha kwenye MB 200 hivi za laptopu yako zinaweza kumeza zaidi ya GB 6 kwenye diski hiyo ya nje. Faili ndogo nyingi, zifunge kwanza kwenye .zip moja.

Turudi kwenye nafasi kutorudi. Kwa ulivyoeleza, jibu la karibu kabisa ni pipa la taka. Pipa liko kwenye diski ile ile. Kutuma faili huko ni kuzihamisha chumba ndani ya nyumba ile ile. Limwage, kisha utazame diski C upya. Kama linaganda kwa wingi wa vijikaratasi, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, na uandike:

Clear-RecycleBin -DriveLetter C -Force

Au, kwa siku zijazo, tumia Shift+Delete, ambayo hairuhusu kujuta. Kumbuka kwamba flashi na folda za mtandao hazina pipa hata kidogo: Delete ya kawaida huko ni ya moja kwa moja. Na faili iliyo kubwa kuliko kikomo cha pipa hufutwa kabisa pia, Windows ikikuonya kwa sentensi moja ambayo watu wengi huikubali bila kuisoma.

Pipa likiwa tupu na nafasi haijarudi, tazama nakala kivuli, zile Windows inazotumia kurejesha mfumo kwenye hali ya zamani. Zinahifadhi hali ya diski ya siku fulani, kwa hiyo ulichofuta leo bado kinaweza kuwa na sehemu yake ndani ya nakala ya juzi. Amri vssadmin list shadowstorage, kwenye dirisha la msimamizi, itakuambia zimechukua kiasi gani. Ukiona nyingi, punguza kikomo kwenye mipangilio ya ulinzi wa mfumo badala ya kuzima kabisa; siku ya sasisho bovu utazihitaji. Uwezekano mwingine ni kwamba nafasi ilirudi kweli, ila Windows, iliyokuwa na njaa kwa wiki kadhaa, ikaitumia mara moja kupakua sasisho lililokuwa limekwama. Ndiyo maana kuishi na GB 3 ni kujitafutia shida. Kwenye SSD yako, lenga kubakiza angalau GB 30 wazi.

Faili nyingine zitakataa kufutwa. Ukiambiwa faili inatumika, jua kuna programu imeishikilia. Andika resmon kwenye menyu ya kuanzia, ingia sehemu ya CPU, na kwenye kisanduku cha kutafutia vishikizi (Associated Handles) andika jina la faili. Utaonyeshwa programu yenyewe. Ifunge, au washa kompyuta upya na ufute kabla ya kufungua chochote. Ukiambiwa jina ni refu mno, tatizo ni kikomo cha zamani cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski. Fupisha majina ya folda za juu yawe herufi moja moja, au tumia robocopy, ambayo haijali urefu. Tengeneza folda tupu, kisha iamuru folda lengwa ifanane nayo:

mkdir C:\tupu
robocopy C:\tupu "C:\Kazi\Picha ndogo" /MIR

Kufanana na folda tupu maana yake ni kubaki tupu. Folda ya pili kwenye mstari ndiyo inayofutwa kilichomo, kwa hiyo isome mara mbili. Ukiambiwa huna ruhusa, na faili iko ndani ya folda ya Windows, hiyo ni hukumu sahihi. Usitafute jinsi ya kuipora umiliki.

Ukitaka kufuta baadhi tu, tuseme faili za .log, ambamo programu huandika matukio yake, zilizopita siku 90, PowerShell hufanya kazi safi:

Get-ChildItem "D:\Rekodi" -Recurse -File -Filter *.log | Where-Object { $_.LastWriteTime -lt (Get-Date).AddDays(-90) } | Remove-Item -WhatIf

Neno la mwisho, -WhatIf, linamaanisha usifute, nionyeshe tu ungefuta nini. Soma orodha. Ukiridhika, rudisha amri kwa mshale wa juu na ulitoe neno hilo. Kigezo ni tarehe ya mwisho kuhaririwa, si ya kuundwa, kwa makusudi: ukinakili faili, Windows huipa tarehe mpya ya kuundwa lakini huitunza ile ya kuhaririwa, kwa hiyo picha ya miaka kumi iliyonakiliwa jana inaonekana imeundwa jana.

Kwa picha zinazojirudia, usiamini majina. IMG_0001 ya kamera moja na IMG_0001 ya nyingine hazina undugu. Tumia dupeGuru au Czkawka, na uchague kulinganisha yaliyomo ndani ya faili. Njia ya kulinganisha picha zinazokaribiana ina faida yake, lakini hapo ukague kwa macho, kwani itakuletea pamoja picha tano za tukio moja ambamo moja tu ndiyo yenye kila mtu macho wazi.

Kwa wanaotumia Linux, rm * ikigoma kwa kusema orodha ni ndefu mno, kosa si la rm. Ganda la amri (shell) limejaribu kuandika majina yote kwenye mstari mmoja. Tumia find, kwanza na -print, kisha ubadilishe iwe -delete:

find . -type f -name '*.tmp' -mtime +90 -print

Hiyo -delete ikae mwisho daima. Vigezo husomwa kwa mpangilio, na ukiiweka mwanzo inafuta kila kitu kabla jina wala tarehe havijaulizwa. Ukifuta faili kubwa ya .log na df, amri inayoonyesha nafasi ya diski, isibadilike, endesha lsof +L1: itataja programu zilizoshikilia faili zilizokwishafutwa, na nafasi itarudi programu hizo zikiwashwa upya. Na diski inayodai imejaa huku df ikionyesha nafasi, ipime kwa df -i, kwani huenda kilichoisha ni idadi ya faili inayoruhusiwa. Kwenye Mac, Command+Option+Delete huruka pipa, na nafasi isiporudi, tmutil listlocalsnapshots / itaonyesha picha za diski zilizowekwa na Time Machine (programu ya bakapu ya Mac), ambazo mfumo huziondoa wenyewe zikishatimiza saa 24 hivi au nafasi inapobana.

La mwisho, kwa sababu litamkuta mtu: umefuta visivyo, bila pipa. Kwenye diski ya sahani zinazozunguka, acha kuitumia papo hapo. Usisakinishe programu ya kurejesha faili kwenye diski hiyo hiyo, maana usakinishaji wenyewe unaandika juu ya ulichokipoteza. Chomoa diski na uichomeke kwenye kompyuta nyingine. Kwenye SSD kama yako hesabu ni nyingine. Windows huiarifu SSD vipande vilivyoachwa wazi, nayo huvisafisha chinichini bila kukungoja, kwa hiyo programu za kurejesha mara nyingi huleta majina ya faili na ndani yake sifuri tupu. Hapo kilichobaki ni bakapu uliyoifanya kabla ya kuandika rmdir.